Mashine Haikatazi

Wanangu mnaoendesha boti za faiba, na nyinyi wadogo zao mnaojifunza kushika usukani, nina jambo moja la kuwaambia, na nitalizunguka kidogo kabla sijalimaliza, kwa hiyo msiniharakishe. Zamani chombo chenyewe kilimkataza nahodha. Kusi ikisimama, aliyetaka kwenda kusini hakuwa na njia. Angebisha huku na huku tangu alfajiri, na alasiri ikamkuta bado anauona mnara wa taa wa Nungwi alikoondokea. Basi alirudi, akafunga chombo, akangoja. Mnawasifu wazee wa tanga kwa subira. Mimi niliyekaa nao nawaambia kwamba nusu ya subira ile ilikuwa ni kukosa la kufanya. Leo mna mashine ya nguvu za farasi 40 nyuma ya boti. Inakutoa ufukweni saa yoyote, inakupeleka ambako tanga lingekugomea, wala haikwambii kitu mpaka izime katikati ya mkondo. Ile kazi ya kukataza iliyokuwa ya tanga imewaangukia nyinyi. Sijaona wengi walioipokea.

Tuanze na pepo, maana nawasikia mkitaja kusi na kaskazi kama watu wanaotaja timu za mpira. Kaskazi huanza kushika Novemba kuelekea Desemba, ikakaza Januari na Februari, ikafifia Machi. Kusi huingia Aprili, ikapevuka Juni, Julai na Agosti. Kati yao kuna tanga mbili, siku ambazo upepo haujaamua utoke wapi, na kuna matlai ya Oktoba ambayo hata mtoto huvua nayo. Hayo mnayajua. Mnalolipuuza ni jinsi wakubwa wa kazi hii walivyoyatumia.

Manahodha waliokuja na majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi walifika huku kwa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, wakarudi kwao kwa kusi. Lakini hawakurudi kwa kusi yoyote. Ama waliwahi mwanzoni, Aprili na Mei, kabla haijapevuka, ama walingoja imalizike makali, Agosti kwenda Septemba, wakati tunaouita demani. Juni na Julai waliziacha. Wale ni watu waliovuka bahari kuu bila mashine na bila simu, wakarudi tena mwaka wa pili, na katikati ya kusi walikaa bandarini wakashona matanga. Sasa mwanangu wewe una boti ya mita saba, na Julai hiyo hiyo unaniambia upepo huu ni wa kawaida. Ni wa kawaida kweli. Ndio uliowafanya wale wakae.

Wazee wa visiwani na wa mwambao walikuwa na hesabu yao ya mwaka wa jua, Nairuzi, uliogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi. Mwezi mwandamo ni wa ibada, na kila mwaka hurudi nyuma siku 11 hivi, ndiyo maana Ramadhani hufungwa kwa kusi, na miaka ikipita ikafungwa kwa kaskazi. Upepo hufuata jua, basi nahodha akahesabu miongo. Watu wa Makunduchi bado wanauaga mwaka huo kila Julai kwa Mwaka Kogwa, na vijana mnakwenda kwa wingi kutazama watu wakipigana kwa migomba, lakini ukimwuliza mmoja wenu sasa tuko mwongo wa ngapi anakodoa macho tu. Silaumu sana. Kalenda ya ukutani inatosha kwa mtu mwenye mazoea ya kuitazama kabla hajatazama tangi la mafuta.

Mwezi ninaotaka muutazame kuliko yote ni Aprili. Wengi mmelelewa mkiambiwa kwamba vimbunga ni vya Msumbiji na Bukini, yaani Madagaska. Kuna ukweli ndani yake: karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha ya kuusokota upepo, na Unguja iko digrii sita tu kusini. Lakini kinachokuja mara chache hakikosi kuja. Aprili 1872 kimbunga kiliingia Unguja, kikalaza mikarafuu na minazi, kikazivunja meli za Sultani Sayyid Barghash zilizokuwa bandarini. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na hilo ni mojawapo ya sababu za karafuu kuhamia huko. Aprili 1952 kingine kikapiga Lindi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita Komoro kikashukia Cabo Delgado, jirani kabisa na ndugu zetu wa Mtwara. Aprili 2021 Jobo kilielekea pwani ya Tanzania kikanyong'onyea kabla ya kutua. Na mwanzoni mwa Mei 2024 ni Hidaya: kilifika Mafia tarehe 4, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa, na kule Kilwa maji yakaikata barabara ya Lindi pale Somanga.

Tazameni miezi hiyo. Vyote hivyo vimekuja wakati kaskazi imeshatoka na kusi bado haijashika, bahari ikiwa imebeba joto la kiangazi kizima. Kijana anayeniambia Aprili ni mwezi mzuri kwa sababu bahari imelala, namwambia naye akalale, kwao.

Kimbunga kina desturi ya kutanguliza mawimbi. Mkiona mawimbi marefu, mazito, yenye nafasi kubwa kati ya moja na jingine, yanaingia kwenye mlango wa mwamba na hakuna upepo ulioyaleta, jueni yametoka mbali na kilichoyasukuma huenda kiko njiani. Hapo pandisheni vyombo juu ya pwani, mbali na mstari wa bamvua, mfunge na mashina ya minazi. Msingoje kuona wingu. Dhoruba ndogo za masika na vuli zina adabu tofauti: wingu jeusi linasimama, chini yake kuna mstari mweupe juu ya maji, upepo uliokuwapo unakufa ghafla, halafu baridi inakupiga kutoka upande ambao hukuutazamia. Ule upepo unapokufa ndio wakati wako wa kutua tanga, kuweka pua ya chombo sawa na kuwakalisha watu chini. Wengi huutumia kuwasha sigara.

Sasa tuje kwenye maji, na hapa naomba msikilize kuliko pote, maana nimeona wanaojua upepo wakiliwa na maji.

Nje ya pwani yetu, bahari kuu hutembea kuelekea kaskazini mwaka mzima, iwe kusi iwe kaskazi. Wakati wa kusi upepo na mkondo vinakwenda njia moja. Mkondo unakuwa wa kasi, mawimbi ni makubwa lakini marefu, chombo kinapanda na kushuka kikapata nafasi ya kupumua. Wakati wa kaskazi upepo unayakabili maji uso kwa uso. Mkondo unapungua kasi, ila mawimbi yanakuwa mafupi, yanasimama wima na kuvunjika, na hayo mafupi ndiyo yanayopasua faiba. Kwa hiyo msipime ubaya wa siku kwa nguvu ya upepo peke yake. Kaskazi ya wastani juu ya maji yanayoipinga inaweza kumsumbua nahodha kuliko kusi yenye nguvu zaidi.

Juu ya hayo wekeni kujaa na kupwa. Katika milango ya miamba, midomo ya mito na mikondo miembamba, maji hubadili njia mara nne kwa siku. Mlango uliotoka nao asubuhi ukiwa umetulia, ukirudi mchana maji yamegeuka na kwenda kinyume cha upepo, hutautambua. Upepo haukuongezeka hata kidogo. Pangani wanalijua hili vizuri: maji ya mto yakitoka kwa kupwa yakakutana na mawimbi ya kusi pale mdomoni, panakuwa pabaya hata kwa mwenyeji, na saa chache baadaye, maji yakijaa, mtu anapita akiimba. Kijana husema bahari ilichafuka ghafla. Haikuwa ghafla. Ilikuwa kwenye jedwali la maji, na jedwali hilo huchapwa mwaka ukiwa bado haujaanza.

Tena wakati wa kuingia mlangoni msiingie kwa pupa kwa sababu mmeona nyumba. Simameni nje, mtazame. Mawimbi makubwa huja kwa mafungu, yakifuatiwa na kipindi cha utulivu. Lihesabuni fungu moja na la pili ndipo muingie nyuma ya lile la mwisho. Kama maji yanapwa na mlango wote umekuwa mweupe, ngojeni yajae. Njaa ya saa mbili haijamzamisha mtu.

Na mashine ikizima je? Kati ya Pemba na bara kina ni cha mamia ya mita. Nanga yako haitaiona chini. Kitakachoamua unakokwenda ni mkondo na upepo, na kwa kusi vyote viwili vitakupeleka kaskazini, Kenya na kupindukia. Jamaa wa Lamu wana mtihani wao: wakati wa kaskazi, mkondo unaotoka kwetu hukutana na ule unaoshuka kutoka Somalia, yote ikageuka pamoja kuelekea mashariki, kwenye bahari kuu ambako hakuna kisiwa cha kukuokota. Ndiyo maana nawaambia wanaotoka kutafuta chombo kilichopotea waulize kwanza ni mwezi gani, na kilizima saa ngapi, kabla hawajamwaga mafuta kila upande.

Haya, utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa bahari kila siku, na wenzetu wa Kenya wana Idara yao ya Hali ya Hewa. Siku hizi unaingia kwenye simu na unasomwa redioni. Wapo wazee wenzangu wanaowacheka watabiri. Mimi siwacheki. Hidaya kilitajwa kwa jina kabla hakijafika, jambo ambalo nahodha hodari kuliko wote wa 1872 asingelijua kwa kutazama wingu. Shida yangu ni kwamba nyinyi hamuusomi utabiri. Mnatazama ile picha ya jua na wingu, mnafunga simu.

Tangazo la kawaida la siku za kusi husema upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Kijana anasoma mita mbili, anajipima na kimo chake, anasema haya nayaweza. Sikilizeni. Wataalamu wa bahari wanapotaja urefu wa mawimbi hawataji lile kubwa kuliko yote. Wanataja wastani wa theluthi moja ya mawimbi, ile theluthi ya makubwa. Katika bahari ya mita 2, ukikaa saa chache utakutana na moja la mita tatu na zaidi, na kujaza boti linatosha hilo moja. Upepo nao una mapigo, na pigo moja linaweza kuzidi kasi iliyotajwa kwa theluthi nzima. Tena msukumo wa upepo hauongezeki sawa na kasi yake: kasi ikiwa mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Aliyezoea upepo wa kilomita 20 akadhani wa 40 ni ule ule umezidi mara mbili tu, ameipunguza hatari kwa nusu yake kabla hajang'oa nanga.

Halafu kuna yale majina matatu: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Nimegundua kwamba angalizo mnalichukua kuwa ruhusa. Mnasema, "Mzee, ni angalizo tu." Kwa meli ya abiria angalizo ni habari ya kumwamsha nahodha. Kwa ngalawa na kwa boti ya mita saba ni katazo, na hizo ngazi mbili za juu hazikuandikwa kwa ajili yenu kabisa, maana zikifika mnatakiwa muwe mmeshapandisha vyombo.

Tena utabiri husemea eneo zima, pengine mkoa mzima na visiwa vyake. Mlango wenu wa mwamba hauujui. Haujui kwamba leo ni bamvua na maji yatageuka saa nne. Upepo utapewa na mtabiri. Mwezi, mlango na saa unaviongeza mwenyewe, na ndiyo sehemu ambayo mtu wa pwani bado ana kazi. Wala msiniambie mambo ya dua hapa. Dua naomba, na ubani nimefukiza. Vyote hivyo nilivifanya baada ya kutazama mbingu na maji.

Saa zenyewe pia mmezisahau. Alfajiri upepo mwepesi tunaouita umande hutoka nchi kavu, ndio uliowatoa wavuvi wa matanga wakiwa bado na usingizi. Jua likipanda nchi kavu inapata joto, upepo wa baharini unaingia, ukajumlishwa na ule wa msimu, na ndiyo maana alasiri huwa na ukali kuliko asubuhi. Mwenye tanga alitoka na umande akarudi na upepo wa baharini. Siku yake ilikuwa imepangwa na hewa yenyewe. Mwenye mashine analala hadi saa mbili, anakunywa chai, anatoka saa nne, na wakati bahari inakaza yeye ndiyo kwanza yuko mbali.

Nina neno na nyinyi mabinti na mama zenu, maana nasaha hizi huelekezwa kwa wanaume peke yao kana kwamba nyinyi hamwendi pwani. Mnakwenda kuliko wao. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, huku kwetu maji hujaa karibu saa kumi na kupwa karibu saa nne. Ndiyo maana asubuhi hizo pwani ya Paje na Jambiani hujaa watu wa mwani na wa pweza. Kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika 50, mpaka maji mafu, ambapo bahari haitoki sana wala haiingii sana. Tofauti ya kujaa na kupwa kwa bamvua hufika kama mita nne. Sasa mtu wa pweza yuko nje kabisa, ukingoni mwa mwamba, ameinamia shimo lake. Mwamba pale uko juu kidogo. Nyuma yake, kati yake na ufukwe, kuna maji ya chini, na maji yanapoanza kujaa huingia kupitia milango na kujaza kule nyuma kwanza. Miguu yake bado mikavu, na njia ya kurudia imeshafika kifuani. Kwa hiyo saa ya kuondoka ichukuliwe kwenye maji yaliyo nyuma yako. Pweza aliyejificha leo atakuwapo kwenye bamvua lijalo. Na watoto wasiachwe kuogelea karibu na milango maji yakipwa. Maji yote yaliyoko ndani hutokea pale, na mtoto hutoka nayo. Akivutwa asishindane nayo. Aogelee kando, sambamba na mwamba, mpaka atoke kwenye mkondo.

Kuzijua saa za maji kuna faida nyingine. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko lilitokea Sumatra, upande wa pili kabisa wa bahari yetu, na saa nyingi baadaye maji yakafika huku. Tanzania watu kumi au zaidi walikufa, na miongoni mwao walikuwamo vijana waliokuwa wakiogelea. Mahali pengi siku ile bahari ilirudi nyuma kwanza, na watu wakaifuata kuokota samaki. Anayejua kwamba sasa si saa ya maji kupwa, akiyaona yanapwa, hahitaji kuambiwa na redio: anaita watoto, anapanda juu. Asiyejua saa za maji anaona ni siku yake ya bahati.

Kuhusu kukata miti inayokinga pwani nitapita haraka, maana ni shauri la kikao kingine. Nje ya Pangani kulikuwa na kisiwa cha Maziwe, kina miti na kasa wakitaga. Leo ni fungu la mchanga, na maji yakijaa linafunikwa. Anayekata mikoko mbele ya nyumba yake ili apate upepo, huo upepo ataupata.

Narudi kwenu mnaobeba watu. MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, karibu na Chumbe, katika upepo mkali. Julai, nawakumbusha. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 katika mkondo wa Nungwi, na hapo mkosaji mkuu hakuwa upepo. Ilikuwa imebeba watu na shehena kupita kiasi chake. Nazitaja pamoja makusudi. Chombo kilichojazwa hupunguza kimo cha ubavu ulio juu ya maji, na wimbi ambalo jana lilipita chini yako leo linaingia ndani. Ukizidisha watu watano umeibadilisha bahari, japo bahari yenyewe haikufanya lolote.

Na wageni wa hoteli, wanaotaka Mnemba leo kwa sababu kesho wana ndege! Mgeni huyo hajui kusi wala kaskazi. Kwao akiambiwa treni haipo, anakubali. Mwambie hakuna safari, mrudishie pesa yake, mpeleke upande wa Unguja uliokingika: kwa kusi, pwani ya magharibi huwa na utulivu wakati Kizimkazi na mashariki kote kunachafuka. Wapo watakaokasirika. Mpaka sasa sijasikia mgeni aliyekufa kwa hasira.

Vifaa mnavijua, na mimi si muuza duka. Jaketi la kujiokolea livaliwe. Lililofungiwa chini ya benchi ni mzigo tu. Mafuta theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi usiyoigusa. Makasia mawili hata kama mashine ni mpya. Ndoo ya kukumbia maji ifungwe kwa kamba, simu iwe ndani ya mfuko usioingia maji. Na kabla hamjaondoka mtu mmoja wa nchi kavu ajue mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi, na awe mtu ambaye saa hiyo ikipita atasimama. Mke mara nyingi hukaa kimya mpaka usiku kwa kuogopa kuonekana analeta nuksi. Mwambieni asiogope.

Sasa lile zito. Siku ya angalizo samaki huadimika, na bei hupanda. Mchuuzi anapiga simu tangu alfajiri. Anayeitika si hodari kuliko wenzake, ni yule mwenye deni la mashine, au yule ambaye mwenye boti amemwambia kama huendi nitampa mwingine usukani. Kwa hiyo huwezi kumwambia kijana huyu "kuwa na hekima" ukaondoka. Kila mmoja akiachiwa aamue peke yake, saa kumi na moja alfajiri, ufukweni, huku simu inalia, ataamua mwenye shida kubwa zaidi, na wengine watamfuata kwa kuona aibu.

Amueni pamoja, mkiwa mmekaa, tumbo lina kitu, upepo haujaja. Kamati ya wavuvi iandike: angalizo la upepo likitoka, boti za chini ya urefu fulani haziondoki, na atakayeondoka samaki wake hawapigwi mnada siku hiyo katika diko letu. Wakati wa matlai, samaki wakiwa wengi, kila boti itoe kidogo, kiwekwe cha kuwakopesha watakaokaa Julai. Watakuwapo wa kusema mnaingilia riziki ya mtu. Waulizeni riziki ya mjane wake na watoto wake huwa inachangwa na nani, kama si kikao hiki hiki. Mimi mtanikuta siku yoyote baada ya Alasiri. Ila kikao kiwe kabla ya Mei, na wenye boti wasioingia baharini wenyewe waitwe wote, wawekewe mkeka mbele.